Kusoma Sarafu Darasani: Kilatini na Sanamu za Miungu wa Kike katika Somo la Historia

Makala haya yamekusudiwa kwa mwalimu wa Historia ambaye, kama walimu wengi wa mkoa wetu, huingia darasani akiwa na chaki, ubao, na wanafunzi wengi kuliko madawati. Nia yake ni kuonyesha jinsi kitu kidogo kilichosahauliwa ndani ya mkebe wa bibi kinavyoweza kuwa hati ya kihistoria, na jinsi mwanafunzi wa kawaida anavyoweza kuisoma hati hiyo hata kama imeandikwa kwa lugha ambayo leo haisemwi katika soko lolote duniani. Lugha hiyo ni Kilatini, na hati hiyo ni sarafu.

Wazo lenyewe sikulipata vitabuni. Nililipata nilipokuwa nimeketi nyuma ya darasa, katika shule moja ya jijini Mwanza, nikimkagua mwalimu-mwanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa utawala wa kikoloni. Andalio lake lilikuwa safi, mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri, na wanafunzi walikuwa wakinakili sababu za ukoloni kimya kimya, kama watu wanaonakili bei za bidhaa. Ndipo msichana mmoja wa dawati la tatu akanyosha mkono. Alikuwa ameshika senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Akauliza, “Mwalimu, haya maandishi ni Kiingereza?” Mwalimu akaitazama sarafu, akajibu, “Ndiyo, ni ya wakati wa Waingereza,” akaendelea na sababu ya nne.

Mwalimu hakudanganya. Sarafu ilikuwa ya wakati wa Waingereza. Lakini jibu lake lilifunga mlango ambao mtoto alikuwa ameufungua mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Upande mmoja wa senti ile ulikuwa na Kiingereza, lakini upande wa pili ulikuwa na maneno REX ET IND: IMP:, ambayo si Kiingereza hata kidogo. Kama angemwuliza mtoto, “Wewe unaona neno gani unalolifahamu?” nadhani kipindi kizima kingechukua njia nyingine.

Baada ya kipindi nilimwomba msichana yule anionyeshe mahali alipoipata. Ilikuwa ya bibi yake, anayekaa Mabatini, mitaa michache kutoka kwangu. Jioni nilikwenda kumwamkia. Bibi akatoa mkebe wa majani ya chai uliojaa sarafu, akaumimina juu ya mkeka. Zilikuwa za mama yake. Alisema mama yake hakujua kusoma, lakini aliitambua kila senti kwa kuipapasa: yenye tundu na yenye pembe, yenye simba, yenye kichwa cha mtu. “Chukua, Mwalimu, uwaonyeshe watoto,” akasema, “ila zirudi zote.” Msomaji ayashike maneno hayo, kwa sababu nitayarudia.

Jinsi ya kuyasoma maandishi

Mwalimu asiogope. Kusoma Kilatini cha sarafu hakuhitaji mtu awe amesoma seminari. Maneno ni machache, hujirudia, na mengi yamefupishwa, maana nafasi ya kuandikia ni ndogo kuliko kucha ya dole gumba. Yapo mambo matatu ambayo mwanafunzi akiyafahamu anaweza kuanza kazi.

La kwanza ni herufi V. Warumi wa kale hawakuwa na herufi mbili tofauti kwa U na V. V ilifanya kazi ya zote mbili. Kwa hiyo AVGVSTVS ni Augustus, na GEORGIVS ni Georgius, yaani Mfalme George. Waingereza waliifuata desturi hiyo ya kale hadi kwenye senti zilizotumika hapa kwetu. Wajerumani hawakuifuata: rupia zao zimeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR, kwa U iliyo wazi. Huyo Guilelmus ni Kaizari Wilhelm wa Pili, na jina lake limevishwa joho la Kirumi. Wanafunzi hufurahi sana wanapogundua tofauti hiyo ya V na U wenyewe; kwa sababu hiyo ninamshauri mwalimu asiwatajie mapema.

La pili ni vyeo. REX ni mfalme. IMP ni kifupi cha imperator, neno ambalo hapo kale kabisa lilikuwa cheo cha jemadari ambaye askari wake walimshangilia baada ya ushindi. Baadaye likawa cheo cha mtawala wa dola nzima. ET ni “na”. IND ni India. Basi GEORGIVS V REX ET IND: IMP: ni “George wa Tano, Mfalme, na Mtawala Mkuu wa India”. Hapo mwalimu anyamaze kidogo. Mara nyingi mwanafunzi atauliza: kwa nini fedha iliyotumika Mwanza ilimtaja mtawala wa India, na haikuitaja Tanganyika? Upande wa pili umeandikwa EAST AFRICA tu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, shilingi zake za kwanza zina tarehe ya 1921, na fedha hiyo moja ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliyeipanga sarafu hakuona haja ya kuitaja nchi moja moja.

La tatu ni kwamba maneno ya Kirumi hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Senti imetokana na neno la Kilatini la “mia”, centum, kwa kupitia Kiingereza. Dinari imetujia kwa Kiarabu, lakini Waarabu nao waliipata katika denarius ya Warumi. Julai na Agosti ni Julius Caesar na Augustus, ambao twawataja kila mwaka tunapolipa karo. Hata jina la fedha kwa Kiingereza limetokana na mungu wa kike: kiwanda cha kufulia sarafu cha Roma kilikuwa karibu na hekalu la Juno aliyeitwa Moneta, na jina lake likawa jina la kiwanda, kisha la fedha yenyewe. Sisi tuna historia yetu pia katika jambo hili, kwa kuwa neno “hela” ni heller ya Wajerumani, waliyoianzisha mwaka 1904 walipoigawa rupia katika heller mia. Himaya yao iliondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini neno lao liko midomoni mwa makondakta wa daladala hadi leo.

Wanawake walio kwenye sarafu za Roma

Sasa nije kwenye sanamu. Warumi walikuwa na desturi ya kuufanya wazo uwe mwanamke. Amani alikuwa mwanamke mwenye tawi la mzeituni, PAX. Uadilifu katika vipimo alikuwa mwanamke mwenye mizani mkono mmoja na pembe iliyojaa mazao mkono wa pili, AEQVITAS. Matumaini, SPES, alishika ua na kuinua pindo la vazi lake kama anayetaka kutembea haraka. Ushindi alikuwa mwanamke mwenye mabawa, akibeba taji la majani na kuti la mtende. Jina lake ni VICTORIA. Jina liliandikwa pembeni ili mtazamaji asikosee, na asiyejua kusoma alimtambua kwa vitu alivyoshika, kama vile mama wa bibi yetu wa Mabatini alivyotambua senti kwa tundu na pembe.

Sarafu ndiyo iliyokuwa gazeti la serikali ya Roma. Ilifika kwa askari aliyekuwa kambini mpakani, kwa mchuuzi wa samaki, kwa mtoza kodi. Wanafunzi Wakristo wengi wanaifahamu habari ya Injili ambamo Yesu aliulizwa juu ya kodi, akaomba aletewe dinari, akauliza sura na maandishi yake ni ya nani. Mtawala wa wakati huo alikuwa Tiberius, na dinari yake iliyo maarufu ina kichwa chake upande mmoja, na upande wa pili mwanamke aliyeketi, ameshika fimbo ya enzi na tawi. Nimeona darasa lililosinzia likiamka kwa mfano huu mmoja.

Lakini mwanamke wa sarafu hakuwa kila mara mungu. Mara nyingine alikuwa nchi. Baada ya Yerusalemu kuangamizwa mwaka 70, Kaisari Vespasian alitoa sarafu zenye maneno IVDAEA CAPTA, “Uyahudi uliotekwa”: mwanamke ameketi chini ya mtende, ameinamisha kichwa, analia. Na sisi Waafrika tuna sababu ya pekee ya kuitazama sarafu ya Hadrian.

Hadrian alitawala tangu mwaka 117 hadi 138, na jimbo la Afrika alilizuru mwaka 128. Jimbo hilo lilikuwa katika pwani ya kaskazini, Tunisia ya leo na sehemu za jirani. Jina lake ndilo lililotanda baadaye hadi likalifunika bara zima, na sisi wa kando ya Nyanza tukiwamo. Katika miaka ya mwisho ya utawala wake zilitolewa dinari ambazo upande wa kichwa zimeandikwa HADRIANVS AVG COS III P P, yaani “Hadrian Augusto, konsuli mara ya tatu, Baba wa Nchi”. Naam, P P ni pater patriae. Darasa la Tanzania halihitaji kuelezwa zaidi. Litaleta lenyewe jina la Baba wa Taifa, na mwalimu atumie nafasi hiyo kuuliza ni nani hutoa cheo kama hicho, na kwa nini.

Upande wa pili pameandikwa neno moja: AFRICA. Mwanamke amejinyosha ameegemea. Kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe zikichomoza juu ya paji la uso. Mkono mmoja ameshika nge, na mwingine pembe iliyojaa mazao. Miguuni pake pana kikapu cha nafaka. Ngano ya Afrika ndiyo iliyolisha sehemu kubwa ya mji wa Roma. Ipo na sarafu nyingine ya Hadrian huyo huyo, RESTITVTORI AFRICAE, “kwa aliyeirejesha Afrika katika hali njema”: Kaisari amesimama, anamshika mkono mwanamke yule aliyepiga goti, anamwinua.

Mimi huzichora picha hizi mbili ubaoni kwa chaki, vibaya, maana sikujaliwa mkono wa kuchora, kisha huuliza maswali mawili tu. Je, mwanamke huyu ana furaha? Na nani aliyemchora? Swali la kwanza huleta kelele. Wako wasemao ana furaha kwa kuwa ana chakula. Wako wasemao hapana, kwa kuwa chakula kiko kikapuni na kikapu kinasafiri. Mvulana mmoja alisema, “Amepiga goti, mwalimu. Mtu anayeinuliwa lazima kwanza awe chini.” Swali la pili hunyamazisha. Hapo ndipo darasa linapoanza kuelewa kwamba sarafu inaeleza yale ambayo mtawala alitaka yaaminike.

Sarafu inaposema uongo

Ni lazima tuliseme jambo hili wazi, kwa kuwa walimu wetu wengi hufundisha kana kwamba kila kilichoandikwa zamani ni kweli kwa sababu ni cha zamani. Mwaka 260 Kaisari Valerian alitekwa vitani na mfalme wa Uajemi. Lilikuwa jambo ambalo halijapata kumfika mtawala wa Roma. Lakini sarafu zake zilikuwa zimeitangaza VICTORIA, na mwanawe Gallienus, aliyebaki akitawala dola iliyokuwa ikimeguka pande zote, aliendelea kutoa sarafu za PAX na VICTORIA. Wakati huo huo fedha iliyomo ndani ya sarafu zilizoitwa za fedha ilikuwa inapungua mwaka hata mwaka, mpaka zikawa shaba iliyopakwa weupe. Mabawa ya Ushindi yalibaki yamekunjuliwa vizuri, ila fedha haikuwamo.

Mwalimu akitaka mfano wa karibu, aichukue shilingi ya Mfalme George wa Tano. Inang'aa, ina simba mbele ya milima, na maandishi yake ni ya kifalme. Fedha halisi iliyomo ni robo tu. Shilingi za tangu 1948 hazina fedha kabisa.

Hapa ninakiri kosa langu, kwa faida ya wenzangu. Mwanachuo mmoja, mzaliwa wa Unguja, alileta darasani riale ya Maria Theresa iliyokuwa imetiwa kikuku cha kuivalia mkufu. Upande mmoja ina kichwa cha mwanamke mnene mwenye ushungi, na maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa kupita kiasi. Ukingoni imeandikwa IUSTITIA ET CLEMENTIA, “haki na huruma”. Tarehe yake ni 1780. Nami, nikiwa nimetoka kuwahubiria wanafunzi juu ya kutoamini maandishi, nikawaambia kwa uhakika kwamba sarafu ile ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Baada ya wiki moja ilinibidi nirudi nijisahihishe. Maria Theresa alikufa mwaka 1780, lakini riale yake iliendelea kufuliwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa miongo na miongo, Vienna na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu hawakutaka riale nyingine. Tarehe ile haielezi imefuliwa lini. Inaeleza tu ni sura gani watu waliiamini. Wanachuo walilifurahia kosa langu kuliko somo lolote nililowahi kuwafundisha, na sikuwalaumu.

Pwani ilikuwa na desturi yake kabla ya Kilatini kufika. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye majina yao kwa Kiarabu, pamoja na maneno ya kumtukuza Mungu. Pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ina mizani katikati. Ukiiweka picha yake karibu na AEQVITAS ya Roma, utaona mizani ni ile ile, ila mwanamke hayupo. Wanafunzi Waislamu hueleza sababu wenyewe, tena vizuri kuliko mwalimu.

Kazi ya vikundi na onyo

Baada ya maelezo, wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watu watano au sita. Kila kikundi kipewe sarafu mbili au tatu za zamani, au nakala zake. Njia rahisi ya kupata nakala ni kuweka karatasi nyembamba juu ya sarafu, kuishika imara, na kusugua kwa ubavu wa penseli laini mpaka sura na herufi zijitokeze. Nakala ya penseli mara nyingi husomeka vizuri kuliko sarafu yenyewe, hasa iliyochakaa, na haiibiwi.

Kwanza vikundi vitazame fedha iliyomo mifukoni mwao. Shilingi mia ina Mwalimu Nyerere na swala. Mia mbili ina Sheikh Karume na simba. Mia tano ina Karume na nyati. Waulizwe: kichwa cha nani, mnyama gani, lugha gani. Kisha waulizwe maswali hayo hayo juu ya sarafu za mkebe, na wazipange kwa mfuatano wa wakati bila kutazama tarehe. Inawezekana kabisa. GUILELMUS yuko mwanzo, akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai, na katika rupia za Kampuni za tangu 1890 upande wa nyuma una simba na mtende. Anafuata GEORGIVS V. Sarafu isiyo na IND: IMP:, bali GEORGIVS SEXTVS REX tu, ni ya baada ya India kujitawala mwaka 1947, mwanafunzi anayeligundua hilo amegundua kuanguka kwa himaya kwa kutazama herufi sita zilizokosekana. Kisha Kilatini kinatoweka: QUEEN ELIZABETH THE SECOND, kwa Kiingereza kitupu. Senti tano na kumi za mwaka 1964 hazina mtawala yeyote. Na mwaka 1966, baada ya Benki Kuu ya Tanzania kufunguliwa, Kiswahili kinaingia.

Katika mkebe wa bibi ilikuwamo sarafu moja iliyonitoa jasho. Ni ile senti kumi ya msichana wa dawati la tatu. Imeandikwa EDWARDVS VIII REX ET IND: IMP:, mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alishika kiti Januari 1936 akakiacha Desemba mwaka huo huo, kabla ya kuvikwa taji. Sarafu zenye jina lake ni chache duniani. Senti zetu tano na kumi ni miongoni mwake, kwa sababu hazikuhitaji picha ya kichwa chake: zina tundu, taji na pembe za ndovu, basi jina lilitosha. Mfalme ambaye Uingereza yenyewe haikupata kumtumia kwenye fedha ya kila siku alipita mikononi mwa wauza dagaa wa Mwanza.

Sasa onyo. Mwanachuo mmoja, kwa nia njema, aliichukua senti hiyo akaisugua kwa ndimu na mchanga ili “ionekane vizuri”. Iling'aa kama pete ya harusi. Herufi za jina, zilizokuwa zimekwisha kulika, zikafutika karibu zote. Kilichobaki kuwa ushahidi ni nakala ya penseli ambayo kikundi kilikuwa kimeitoa siku moja kabla. Nilikwenda nayo kwa bibi pamoja na mwanachuo yule, tukaeleza. Bibi akaipapasa senti kwa kidole, muda mrefu. Akasema, “Imekuwa mpya, mjukuu wangu. Lakini si ile.” Hakutukaripia. Tangu siku hiyo, kila sarafu inayoingia chuoni kwetu kutoka nyumba ya mtu huandikwa daftarini, mwenyewe akishuhudia, hutolewa nakala, na hairuhusiwi kuoshwa hata kwa maji.

Pembe, simba na mkono

Vikundi vikishazipanga sarafu, mwalimu aulize: watu wa nchi hii wako wapi katika picha hizi? Roma iliichora nchi iliyotawaliwa kama mwanamke. Wajerumani na Waingereza hawakutuchora hata mwanamke anayelia. Walichora simba, mtende, milima, pembe za ndovu. Pembe ndiyo iliyokuwa bidhaa. Mwanafunzi akumbushwe pia jinsi sarafu hizo zilivyofika mikononi mwa watu: tangu 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na mtu aliyekuwa na ng'ombe na mtama alilazimika kutafuta rupia, ama kwa kuuza, ama kwa kufanya kazi ya mtu mwingine. Kilatini kilifika kijijini kikiwa kimebebwa na mtoza kodi, kama ilivyokuwa kwa dinari ya Tiberius.

Shilingi ya 1966 ina mkono wa mtu ulioshika mwenge. Sitaki mwalimu aitolee hotuba. Aiweke mwisho wa safu, anyamaze, na asubiri mwanafunzi auone mkono ule. Katika madarasa matatu niliyojaribu, mawili yaliuona. La tatu liliuona mwenge tu, nami nikaona ni halali pia.

Liko swali moja ambalo kila darasa la Mwanza litaliuliza, basi mwalimu ajiandae nalo. Je, Victoria wa sarafu ya Warumi ndiye aliyepewa ziwa letu? Jibu fupi ni hapana. John Speke alifika kusini mwa ziwa, hapa Mwanza, mwezi wa Agosti 1858, akaliita kwa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na neno lao, Nyanza. Lakini jina la malkia ni neno lile lile la Kilatini, na maana yake haikubadilika. Msichana wa dawati la tatu aliposikia hivyo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo sisi tunakaa kando ya Ziwa Ushindi? Ushindi wa nani?” Kengele ililia kabla ya darasa kumaliza kubishana. Kwa hiyo ninashauri somo hili lipangiwe vipindi viwili vinavyofuatana, na swali la ziwa liletwe zikiwa zimebaki dakika zisizopungua ishirini.